Baba mdogo na maji yaliyobanwa

Baba mdogo alishuka stesheni ya Kigoma na bahasha ya picha za MRI, zile za mashine ya sumaku, kwapani, midomo imekauka. Tangu Dar alikuwa anakunywa maji kwa kikombe cha kahawa. Huko mtu mmoja alimsomea ripoti ya Kiingereza haraka haraka: "Mzee, kwenye tezi dume maji yamebanwa." Mgonjwa wa tezi dume akiambiwa hivyo, ataelewa nini kama si mkojo?

Mimi ni mwalimu wa fizikia, si daktari, ila sentensi ile bado inanikera.

Maji yanayosemwa ni yaliyomo ndani ya nyama yenyewe, na molekuli zake hazitulii. Yakiwa huru, kwenye joto la mwili, kwa milisekunde 50 husogea kama mikromita 17 kwa upande mmoja, karibu upana wa seli. Nilimpeleka Kibirizi alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaingia. Pembeni mchangani mtoto alikimbia atakavyo. Penye wanunuzi, mama mwenye beseni kichwani alipiga hatua tatu, akagonga bega la mtu, akarudi. Uvimbe uliojaa seli uko hivyo.

Mashine huwasha sumaku ya ziada mara mbili. Mara ya kwanza huzitia molekuli alama kulingana na zilipo, ya pili huifuta. Iliyokwisha kuhama alama yake haifutiki vizuri, na mawimbi hufifia. Penye msongamano hayafifii sana, kwa hiyo panang'ara. Mng'aro peke yake hudanganya, maana kuna nyama zinazong'ara kwa asili. Ndiyo sababu hupigwa picha za nguvu tofauti za sumaku hiyo ya ziada, ikakokotolewa ramani ya ADC, yaani ya kiasi maji yanavyosambaa, na penye maji yanayosogea kwa shida panatoka peusi.

Sasa ugomvi wangu. Mashine imepima mwendo tu, kuta zinazoyazuia maji haijaziona. Usaha nao hupunguza mwendo huo, na tezi yenye maambukizi inaweza kufanya vilevile. "Kubanwa" ni tafsiri ya msomaji wa picha, halafu mgonjwa anakabidhiwa kama hukumu. Mistari mitatu ya Kiswahili chini ya ripoti ingemgharimu nani? Wataniambia foleni ni ndefu. Najua. Baba mdogo amekaa na kiu safari nzima ya treni.

"Kwa hiyo ni kansa, mwanangu?"

"Mpaka wachukue kinyama wakipime, baba."

Akanyamaza. Kisha akamwita kijana wa maji, akanunua chupa kubwa, akainywa yote amesimama.