Nani kasema hatusomi?

"Ukitaka kumficha Mtanzania kitu, kiweke kwenye maandishi." Mtu akiutoa msemo huu kwenye warsha, ukumbi mzima unacheka, kisha watu wanaendelea na chai. Mimi umenichosha. Si kwamba ni uongo mtupu, ila lawama zote unamtwika msomaji, kana kwamba maandishi yenyewe hayajawahi kumfungia mtu mlango.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa upande wa Lamu, alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake wosia. Mwanzoni tu mwa utenzi anamwita asogee, aje na wino na karatasi. Hapo hakuna shule ya serikali, na Mjerumani hajaanza kututawala. Kuna mama anayetunga na binti anayeandika, kwa Kiswahili chao, kwa herufi za Kiarabu. Utenzi ukanakiliwa na kughaniwa mpaka ukatufikia sisi.

Herufi hizo zilikuwa na kasoro, tusizipambe. Katika mwandiko wa kale, ba moja ilibeba b, p na mb. Alama ya i ndiyo hiyo hiyo ya e, na ya u ndiyo ya o. Ukiona ba na ta zimeshikana, huenda ni bata, huenda ni pata, huenda ni mbata ya nazi. Jicho peke yake halikutosha: msomaji alitamka, akasikiliza, maana ikamjia kutokana na maneno ya jirani. Ndiyo maana kusoma kwa Kiswahili kulikuwa jambo la sauti, mara nyingi la watu wengi waliokaa pamoja, mmoja akisoma na wengine wakipokea. Na kasoro zilirekebishika. Wanazuoni wa pwani walibuni alama za kutenganisha sauti hizo, na mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti lake, Sahifa, kule Mombasa kwa herufi hizo hizo.

Lakini ofisini mambo yalikuwa yamekwisha. Wajerumani walianza kwa kuandikiana na maakida na majumbe, watawala wao wadogo wa vijijini, kwa herufi za Kiarabu, baadaye shule yao ya Tanga ikaanza kutoa makarani wa herufi za Kilatini. Waingereza wakaendeleza: gazeti la Mambo Leo likatoka mwaka 1923, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifu lugha. Hakuna aliyewapokonya wazee kalamu. Ila tulikuwa na mzee mmoja mtaani, mwenye duka, daftari lake la madeni lote kwa herufi za Kiarabu, na hakuna mdaiwa aliyewahi kumdanganya hata senti. Kwenye fomu za serikali alitia dole gumba. Kwenye hesabu za taifa, yule hajui kusoma.

Kilatini sikilaumu. Ni chepesi kwa Kiswahili, mtoto akishika silabi anasoma chochote, na bila wepesi huo sijui kama kampeni ya elimu ya watu wazima ingefika mbali. Wakati wa sensa ya 1967 waliojua kusoma na kuandika Tanzania Bara walikuwa kama theluthi moja ya watu wazima. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilitangaza takriban asilimia 90. Hata ukikata kidogo kwa ajili ya sifa za kiserikali, bado ni kazi kubwa.

Kilichonivutia zaidi katika kampeni za aina hiyo ni ile ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika vikundi vikundi mbele ya redio. Kipindi kikiisha, kiongozi anafungua kijitabu na kukisoma kwa sauti, wanajadili, halafu wanakwenda kuchimba choo. Sauti na maandishi vilifanya kazi pamoja, na asiyejua herufi hakuachwa nje. Kwangu mimi hiyo ilikuwa karibu zaidi na baraza la utenzi kuliko darasa la mkoloni.

Kisha uchumi ukaanguka, karatasi ikawa adimu, vitabu na magazeti ya vijijini yakapungua. Mtu kafundishwa kusoma, kanyimwa cha kusoma, halafu miaka arobaini baadaye mjukuu wake anaambiwa kwamba kusoma hakumo kwenye damu yake!

Leo mlalamikaji ameelekeza kidole kwa WhatsApp, eti ujumbe wa sauti unaua kuandika. Ingia kwenye kundi lolote la mtaa uone. Mwenyekiti anatupia tangazo la kurasa tano, PDF imepigwa picha upande. Kimya. Baada ya muda anatokea dada mmoja: "Jamani, nimelisoma lote, nisikilizeni." Dakika tatu za sauti, na maswali yanaanza kumiminika. Huyo ndiye kiongozi wa kikundi cha 1973, tofauti ni kwamba hakuna aliyemwandalia kijitabu, na kesho akikosea kifungu hakuna wa kumsahihisha.

Hapo ndipo ningependa hasira zetu zielekee. Mikopo ya simu inakuja na "vigezo na masharti kuzingatiwa", kurasa kadhaa za maandishi madogo ambazo hata mwenye shahada anabonyeza "nakubali" bila kuzigusa. Kampuni zenye uwezo wa kunipigia sauti iliyorekodiwa kunikumbusha deni haziwezi kushindwa kunisomea riba kabla sijakopa. Halmashauri nazo, zikibandika bajeti ukutani, zikodi redio ya jamii ya hapo wilayani iisome jioni, watu wakiwa wametoka shambani.

Mkishafanya hivyo, na bado watu hawataki kujua, nileteeni ule msemo wenu tuujadili upya.