Kontroli namba inakuja fasta, huduma je?

Kuna kitu nakiona kwenye mifumo yetu ya serikali hapa Tanzania na sidhani kama ni mimi peke yangu. Ukitaka kulipa, hakuna shida kabisa. Tangu GePG, ule mfumo wa kulipia serikali kielektroniki, ianze 2017 unapewa kontroli namba (namba ya kulipia), unalipa kwa simu ukiwa umejilaza zako, meseji inaingia hapohapo, na kwa kweli imesaidia maana foleni za benki zilikuwa mateso na vishoka nao walikuwa wanakula humo humo. Ila ukishalipa ndo kimya kinaanza.

Chukua mkopo wa chuo. Dogo anaomba HESLB, yaani bodi ya mikopo, onlaini, ada ya maombi kalipa kwa simu, safi. Halafu aprinti fomu, aipeleke serikali ya mtaa igongwe muhuri, amtafute wakili au hakimu asaini, akitoka hapo steshenari akaiskani aipandishe kwenye mfumo uleule alikoitoa. Bado cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, maombi mengine hayo na malipo mengine. Yaani serikali inamtuma mtoto akaiulize serikali kama karatasi ya serikali ni ya serikali kweli. Kila siku tunaambiwa kila kitu ni NIDA, kitambulisho cha taifa, alama za vidole tumeshaweka, sasa kwanini hiyo mifumo isiongee yenyewe mpaka dogo wa Kibondo awe tarishi wao, na nauli atoe yeye?

Au kodi ya majengo. 2021 wakaihamishia kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikaanza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa anayekusanya hiyo ni akili kubwa sana, hakuna wa kukwepa. Ila anayenunua umeme ni mpangaji, nyumba si yake, akiuliza anaambiwa malizaneni na mwenye nyumba. Haya nenda kamalizane naye kama hujapandishiwa kodi.

Na sio kwamba hatuwezi. Mwaka 2013 RITA walizindua Mbeya mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano, mama anampeleka mtoto kliniki kama kawaida yake, au anaenda ofisi ya kata, anaandikiwa cheti palepale, bure, taarifa zinarushwa kwa simu. Basi. Hakuna akaunti, hakuna paswedi, hakuna PDF isizidi MB sijui ngapi. Kabla ya hapo ilikuwa mpaka ufike wilayani, na kwa mtu wa kijijini wilayani ni safari ya kuuza kuku kwanza. Teknolojia yenyewe wala haikuwa ya ajabu, ila kuna mtu alijiuliza huyu mama huwa anapita wapi, wakamfuata hukohuko.

Huku kwingine tumemwachia kijana wa steshenari. Ndo anafungua akaunti, ndo anajaza, paswedi za nusu ya mtaa kaziandika kwenye daftari la kaunta (usalama wa taarifa binafsi ndo huo jamani). Simlaumu, bila yeye watu wengi wangekosa hata hicho kidogo. Ila wakubwa wakitaka kujua mfumo unakwamia wapi wala wasitafute mshauri mwelekezi, dirisha la mikopo likifunguliwa waende wakakae naye pale kaunta kutwa nzima, atawaonyesha ukurasa wenyewe.