Tuta la pwani: linazuia chumvi au linaifungia bondeni?

Bamvua kubwa za Machi na Septemba zikipanda, maji ya bahari hufika hadi kwenye majaruba ya mpunga. Kisiwa Panza na mabonde mengine ya pwani ya Pemba yanalijua hilo vizuri, na wakulima wanaomba tuta.

Ombi lao lina haki. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na mpunga huanza kupunguza mavuno maji ya kwenye udongo yakizidi gramu 2 kwa lita. Kila gramu inayoongezeka hapo huondoa karibu moja ya tano ya mavuno. Mche mchanga ndio unaoumia zaidi, kisha mpunga unaochanua. Ncha ya jani hupauka, ukavu ukashuka polepole, ilhali udongo bado umelowa: mizizi imezungukwa na maji isiyoweza kuyavuta. Wengi hudhani mche una njaa wakatia mbolea, nayo pia ni chumvi, hali ikazidi.

Lakini tuta peke yake halisafishi udongo. Kinachosafisha ni mvua ya masika kupenya chini na kutoka. Maji yasiyo na chumvi ya kina cha sentimita 30 yakipita kwenye udongo wa kina hicho hicho, huondoa chumvi nyingi, kama asilimia 80. Tuta lisilo na mlango huyazuia maji hayo hayo. Yanasimama, jua linayakausha, chumvi inabaki juu. Mlango uwe na kifuniko cha bawaba upande wa bahari: maji yakijaa hukisukuma kikafunga, yakipwa mvua hutoka. Tuta nalo lishindiliwe kwa udongo wa mfinyanzi na likaguliwe kila bamvua, kwani tundu moja la kaa latosha kulibomoa.

Kuna mabonde nisingeyajengea kabisa. Penye tope jeusi la mikoko linalonuka yai viza, ukilikausha salfa yake hugeuka asidi. Maji ya mfereji huwa na rangi ya kutu na mpunga hufa bila chumvi kuhusika. Hapo mikoko irudishwe, ikate mawimbi na kulea kamba na samaki.

Basi kabla ya kuchangishana fedha, chimbeni shimo la kufika magotini mwisho wa masika, mnuse tope lake, mumwite bwana shamba apime maji yake. Yakiwa bado na chumvi kali baada ya mvua zote hizo, bonde halina njia ya kutoa maji, na mfereji uanze kabla ya tuta.