Sekunde 15 zinazostahili mkasi

Mwaka 2001 BBFC, bodi ya filamu ya Uingereza, iliipitisha filamu ya kutisha Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato (1980) ikiwa imepunguzwa dakika 5 na sekunde 44. Mwaka 2011 bodi hiyohiyo ikaitazama upya, ikaondoa sekunde 15 tu. Filamu ni ileile. Wenye mkasi ndio waliobadili kipimo. Ukatili wa kingono wa kuigizwa ukarudishwa. Kilichobaki nje ni mnyama mdogo wa msituni anayechinjwa kweli mbele ya kamera, taratibu, huku akilia. Sheria ya Uingereza ya 1937 inakataza kuonyesha mnyama aliyeteswa kwa ajili ya kupiga picha. Wanyama wengine wanaouawa humo walikufa haraka, ndiyo maana wakaachwa.

Watetezi wa toleo kamili husema filamu hii inawashutumu wapiga picha wanaozusha unyama ili wapate picha, hivyo kuilainisha ni kuihasi. Hoja nzito, ila inajifunga yenyewe: kwa wanyama wale, waliotengeneza filamu walifanya kilekile walichokishutumu. Sekunde hizo 15 sizililii.

Kwingineko mkasi hauna utetezi kama huo. The Texas Chain Saw Massacre (1974) ilinyimwa cheti cha BBFC hadi 1999, kisha ikapita bila kukatwa. Damu yake ni kidogo mno. Hofu imo kwenye ngurumo ya msumeno na mayowe yasiyokoma; ungekata wapi?

My Bloody Valentine (1981) ilikatwa Marekani ili ipate daraja la R (walio chini ya miaka 17 huingia na mtu mzima). Mwaka 2009 takribani dakika tatu zilirudishwa, na jicho huzitambua mara moja: ubora wa picha ni duni kuliko wa zinazozizunguka. Mauaji yanapata uzito wake, lakini mtazamaji anazinduliwa kila kiraka kinapopita.

Anayelinganisha matoleo asikimbilie urefu ulioandikwa kwenye kasha. Sinema hupigwa kwa fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, ilhali diski nyingi za PAL (mfumo wa video uliotumika Ulaya) huiendesha kwa 25. Filamu ya dakika 90 huisha kwa dakika 86 na sekunde 24 bila kupoteza fremu hata moja, na sauti hupanda kidogo. Wengi wamelia kwamba wameibiwa dakika tatu na nusu ambazo hazikuwahi kukatwa. Zidisha muda wa PAL kwa 25, gawanya kwa 24, ndipo ulinganishe. Kisha sikiliza muziki: ukiruka ghafla katikati ya tukio, huenda mkasi ulipita baada ya sauti kuchanganywa. Mkato uliofanywa mapema na mhariri mwenyewe hauachi kovu hilo, na huo ndio mgumu kuugundua.

Neno “Unrated” nalo lisikubabaishe. Marekani lina maana kwamba toleo hilo halina daraja la bodi, basi. Mengine yameongezewa mazungumzo tu, bila tone la damu zaidi.