Alma ni jina la mwanamume

Kwa miaka mingi wakosoaji wa Kitabu cha Mormoni, maandiko matakatifu ya Wamormoni, walikuwa na hoja waliyoipenda sana: kwamba Joseph Smith, mwanzilishi wa dini hiyo, alipokichapisha mwaka 1830, alimbandika nabii mwanamume jina la kike la Kilatini. Alma, kama katika "alma mater", mama mlezi.

Kwangu mimi hoja hiyo ilizikwa mwaka 1961. Mwanaakiolojia Yigael Yadin na wenzake walikuwa wakichimba pango moja la Nahal Hever, magharibi mwa Bahari ya Chumvi, wakakuta hati za watu waliojificha humo wakati wa vita vya Bar Kokhba, uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi. Mojawapo ni mkataba wa kukodi ardhi huko Ein Gedi, wa mwaka 134. Wakodishwaji ni wanne, na mmoja wao ameandikwa Alma mwana wa Yehuda. Naipenda hati hii kwa sababu haikuandikwa kumshindia mtu hoja ya dini. Watu walikuwa wanapatana habari za mashamba na kodi, basi.

Sasa, ndugu zangu waumini, tusirukie kusema kitabu kizima kimethibitishwa. Lehi, babu wa watu wa kitabu hicho, anasimuliwa kutoka Yerusalemu kama mwaka 600 KK; mkataba umekuja zaidi ya miaka 700 baadaye.

Halafu kuna suala la maana. Wengi husema Alma ni "kijana", kutoka neno la Kiebrania "elem", lililomo katika 1 Samweli 17:56, kwa kuwa Mosia 17, sura ya Kitabu cha Mormoni, inapomtaja Alma mara ya kwanza inasema alikuwa kijana. Inavutia, nakiri. Ila "elem" huanza kwa ain, na yule Alma wa Ein Gedi ameandikwa kwa alif. Tuliofundishwa herufi za Kiarabu utotoni jambo hili halitupi shida: Ali ana ain, Ahmed ana alif, lakini tukiwaandika kwa Kiswahili wote wawili wanaanza na A ileile. Kitabu cha Mormoni nacho kilitoka kwa Kiingereza, kwa herufi hizihizi, kwa hiyo A ya Alma wake haisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

Ndiyo maana anayeniambia Alma ni jina la kike namtajia ule mkataba bila kusita. Anayeniambia maana yake ni "kijana", namwomba kwanza anionyeshe ain.