Sikilizeni na Upande Wangu wa Kushoto

Najua wengi mshaiona ile picha ya gari langu la kwenye gemu. Jamaa mmoja tunayecheza naye kaituma kila kundi tulilomo, na maelezo kayatia chumvi ya kutosha. Sikulia. Pedi ya kuchezea iliniponyoka, basi.

Gari lenyewe ni Nissan Skyline GT-R R34, ile V-Spec II Nür ya 2002, toleo la kuagia lililobeba jina la Nürburgring, uwanja wa mbio wa kule Ujerumani. Mimi kwa Skyline ni mgonjwa: R32 ninayo, R33 ninayo, nyingine hata siziendeshi, nazitoa gereji nizizungushie kamera nizitazame, kisha nazirudisha. (Msinicheke, na nyie mnafanya.) Hii ilipoingia sokoni nikakomba krediti zote, hela za humo kwenye gemu. Nikaipanua bodi, kazi ambayo ukishathibitisha hairudi nyuma. Spoila kubwa kama meza ya harusi. Ubavuni, toka taa ya mbele hadi ya nyuma, ndimi za moto nilizounga kipande kwa kipande, na juu yake herufi nyeupe zilizoshiba: MOTO.

Huo ni upande wa kulia. Wa kushoto usingizi ulishanizidi, nikabonyeza nakili, nikahifadhi, nikalala kwa raha zangu.

Kesho yake nikawaita wenzangu lobi, kile chumba cha mtandaoni cha kushindania. Njia ni Nordschleife, ule mzunguko mrefu wa Nürburgring, kilomita 20.8, maana gari la Nür ulipeleke wapi kwingine? Nikawasihi wasiruke ile kamera inayopita kwenye magari kabla ya mbio. "Tulieni muone ufundi."

Kamera ikaanzia kulia. Kimya cha heshima. Mmoja akaguna, "Aisee." Nikajikohoza. Ikapanda taratibu, ikapita juu ya boneti, ikashukia kushoto. Ikakaa. Naapa gemu hii haijawahi kumulika gari moja muda wote ule. Nami nakodoa macho, nasubiri sifa, sioni kasoro yoyote, kwa sababu M, O na T ukizigeuza kiookioo zinabaki vilevile. Ingekuwemo hata S moja ningeshtuka! Kwenye hedifoni nikamsikia jamaa anasoma, polepole, kwa sauti:

"O... to... m."

Kimya.

"Otomu ni kina nani?"

"Wadhamini wake hao."

Taa za kuanzia zikazima, nikaondoka peke yangu. Wenzangu pedi ziko sakafuni, wanacheka hadi wanakohoa. Sijawahi kuongoza mbio kwa pengo kubwa hivyo, wala kutamani intaneti ikatike hivyo. Pale kona ya Karussell mikono ikanisaliti nikajibamiza kwenye kingo, na mpaka nalinyoosha gari, wameshanifikia. Ule mnyoofu mrefu wa Döttinger Höhe wakajipanga wote kushoto kwangu. Hawapiti. Wanasoma.

Maandishi nimeshayageuza, yanasomeka vizuri, asanteni kwa ushauri ambao sikuuomba. Ila jamaa naye kaichora OTOM na ndimi zake zote, kaiweka wazi kila mtu aipakue. Jana usiku niko lobi ya watu nisiowajua kabisa, naongoza, imebaki kona ya mwisho, Mazda RX-7 moja ikanipenya kwa ndani. Ubavuni imeandikwa OTOM.