Cadillac Eldorado ya 1982–1985: ushushe injini au ufunge nyingine?

Ukikutana na Cadillac Eldorado ya kati ya 1982 na 1985 inayouzwa kwa bei ya kushangaza, bodi imenyooka, viti havijachanika na rangi bado inang'aa, jua tatizo liko chini ya boneti. Humo mna V8 ndogo ya lita 4.1 iitwayo HT4100, na kwa miaka arobaini jina hilo limekuwa likishusha bei ya gari ambalo kwa mengine yote lilistahili heshima. Mwenye gari ana njia mbili: kuishusha injini hiyo aitengeneze upya, au kuing'oa afunge nyingine. Kila upande una hoja za kweli, na kila upande una ushabiki wake pia.

Msimamo wangu ni huu: injini inayofanya kazi iachwe. Iliyokufa isibembelezwe, ila mbadala wake utafutwe ndani ya ukoo wa gari lenyewe, si kwenye ndoto za nguvu ya farasi 400.

Kwanza tuone ilifikaje humo. Eldorado ya 1970 ilikuwa na V8 ya lita 8.2. Halafu likaja sekeseke la mafuta la 1973, na mwaka 1975 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwabana watengenezaji kwa wastani wa matumizi ya mafuta: maili 18 kwa galoni kwa magari ya 1978, na 27.5 kufikia 1985. Wastani ulihesabiwa kwa magari yote ya mtengenezaji, kwa hiyo General Motors, mmiliki wa Cadillac, haikuweza kuiacha chapa hiyo inywe itakavyo. Mwaka 1979 Eldorado ikapunguzwa urefu kwa karibu nusu mita na uzito kwa zaidi ya kilo 400. Mwaka 1981 ikapewa V8-6-4, injini ya lita 6.0 iliyoweza kuzima silinda mbili au nne pale nguvu isipohitajika. Wazo lilikuwa zuri, ila kompyuta za wakati huo zilikuwa bado hazina mbio za kuliendesha, na wenye magari wengi waliishia kuchomoa waya mmoja ili silinda zote nane zifanye kazi muda wote. HT4100 ikaingizwa kwa haraka mwaka uliofuata.

Ugonjwa wake unatokana na vyuma viwili visivyopatana. Bloku ni ya alumini, slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) ni za chuma na zimezungukwa na maji moja kwa moja, na hedi nazo ni za chuma. Alumini hutanuka kuliko chuma inapopata moto. Kila injini ilipowashwa na kuzimwa, sehemu hizo zilisuguana kidogo, gasketi ya manifoldi ya kuingizia hewa ikalika, na maji ya rejeta yakapata njia ya kuingia kwenye oili. Oili ikishakuwa na rangi ya chai ya maziwa, beringi za kamshafti na za kranki hazina maisha marefu. Kiwanda chenyewe kiliagiza vidonge vya kuziba mivujo viwekwe kwenye maji ya rejeta, jambo linaloonyesha kwamba wahandisi walijua wanachokiuza. Pamoja na yote hayo, nguvu ilikuwa farasi 125, baadaye 135, kusukuma gari la takriban kilo 1,700. Kulipita lori mlimani kulitaka maandalizi.

Hata hivyo watu walilinunua. Mwaka 1984 ziliuzwa Eldorado zaidi ya 70,000. Iliyofuata mwaka 1986, fupi na isiyo na sura ya kukumbukwa, iliangukia kama 21,000. Mnunuzi wa Eldorado alikuwa analipia umbo, ukimya na jinsi gari linavyoelea barabarani. Tukilisahau hilo, mjadala wote wa injini utaenda kombo.

Wanaotaka HT4100 ibaki wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Injini hii inaendeshwa kwa nozeli na kompyuta, haina kabureta, kwa hiyo asubuhi ya baridi inawaka bila manung'uniko. Kompyuta hiyo imeunganishwa na dashibodi. Kuna kidirisha kinachokuambia gari linakula mafuta kiasi gani na yaliyobaki yatakufikisha umbali gani. Ukibonyeza kwa pamoja vitufe vya OFF na WARMER kwenye paneli ya kiyoyozi, gari linakuonyesha namba za hitilafu zake bila kifaa chochote cha fundi. Kwa mwaka 1982 hilo lilikuwa jambo kubwa. Ukifunga injini ya kabureta, kidirisha kinakufa, namba zinatoweka, na hata mfumo wa kushikilia mwendo, ambao ulikuwa chini ya kompyuta hiyohiyo, unahitaji kupangwa upya. Unabaki na gari linalotembea lakini limepoteza nusu ya akili yake.

Isitoshe, HT4100 inatengenezeka. Slivu zinachomoka na kubadilishwa. Fundi anayefuata utaratibu wa kukaza bolti, anayebadilisha maji ya rejeta kwa wakati na asiyeruhusu injini ichemke hata mara moja, anaweza kuifikisha mbali. Zipo zilizopita maili laki moja zikiwa nzima. Tatizo ni kwamba utunzaji huo ulipaswa kuanza gari likiwa jipya, na gari unalolinunua leo limepita mikononi mwa watu ambao hukuwaona wakifanya chochote.

Kuna hoja moja ya upande huu ambayo siikubali: ile ya uasilia. Wanasema Cadillac yenye injini ya Oldsmobile, chapa nyingine ya General Motors, si Cadillac tena. Haya, Eldorado ya 1979 ilitoka kiwandani na V8 ya Oldsmobile ya lita 5.7. Mnunuzi wa miaka yetu hii ya 1982 hadi 1985 aliyetaka dizeli alifungiwa dizeli ya Oldsmobile, palepale kiwandani. General Motors ilikuwa ikihamisha injini toka chapa moja kwenda nyingine kwa muda mrefu, na mwaka 1977 iliingia matatani pale wateja wa Oldsmobile walipogundua kwamba magari yao yana V8 za Chevrolet. Kesi zilifika mahakamani na kampuni ikalazimika kuwalipa fidia. Kwa hiyo hisia kwamba injini ni damu ya chapa ni ya kweli, watu waliwahi kuishitakia. Ila kwa Eldorado ya kizazi hiki, damu ilishachanganywa kiwandani kabla wewe na mimi hatujafika.

Sasa tuje kwenye mbadala, na hapa msomaji wa Dar au Nairobi aliyezoea kuona Toyota ikifungwa injini ya Toyota nyingine kabla jua halijazama anapaswa kutulia. Eldorado hii inavutwa na magurudumu ya mbele, lakini injini yake imelazwa kwa urefu wa gari, si kwa upana. Nyuma ya injini kuna konveta (kifaa cha majimaji kinachopokea nguvu ya injini), kisha cheni pana inayorudisha nguvu mbele kwenye gia boksi iliyokaa ubavuni mwa injini. Shafti ya gurudumu la kulia inapita chini ya injini, ndiyo maana sampu ya oili imefinyangwa maalumu ili kuipisha. Gia boksi hiyo, THM325 na baadaye 325-4L yenye gia nne, ilifungwa kwenye magari manne tu ya ukoo mmoja: Eldorado, Cadillac Seville, Oldsmobile Toronado na Buick Riviera. Swali la kwanza basi ni injini ipi tumbo la gari hili linaikubali. Nguvu inafuata baadaye.

Jibu la wazi liko kwenye Toronado ya miaka hiyohiyo. Ilikuwa na V8 ya Oldsmobile ya lita 5.0, inayoitwa 307 kwa kipimo cha inchi za ujazo. Ni chuma juu hadi chini, farasi 140, kabureta ya Quadrajet, na sifa yake kubwa ni kwamba haifi. Ukipata Toronado iliyooza bodi, unaichinja na kuchukua seti nzima: injini, sampu, gia boksi, vishikio, nyaya. Ukijaribu kuoanisha injini ya huku na gia boksi ya kule ndipo hesabu zinapoanza kukataa. Uzito wa mbele unaongezeka, lakini Eldorado inatumia toshonibaa mbele (fimbo za chuma zinazojipinda) badala ya springi, kwa hiyo kimo cha gari kwa mbele kinarekebishwa kwa bolti.

Kasoro ya 307 ni kwamba unafanya kazi kubwa hivyo kupata farasi chache tu za nyongeza. Mwenye haraka atakata tamaa. Mimi naona hapo ndipo inapolifaa gari hili: inavuta vizuri chini, haipigi kelele, na haimlazimishi mwenyewe kukagua oili kila asubuhi.

Wapo watakaosema, kama umeshapata sampu na vishikio vya Oldsmobile, kwa nini usiweke lita 5.7, au hata 6.6 ya mwishoni mwa miaka ya 1970? Bloku zao kwa nje zina vipimo vilevile, zinaingia. Kimakanika sina pingamizi kubwa na ile ya 5.7, iliyotoa farasi 170 kwenye Eldorado ya 1979. Pingamizi ni la kisheria. California magari ya umri huu, ya 1976 na kuendelea, hupimwa moshi, na injini unayofunga haiwezi kuwa ya mwaka wa nyuma kuliko gari. Lazima ije na vifaa vyake vyote vya kudhibiti moshi, na mkaguzi maalumu aione. Hivyo 307 ya Toronado ya 1984 inaweza kuingia kwenye Eldorado ya 1982, lakini 5.7 ya 1979 haiwezi, hata kama ni pacha wake. Majimbo yasiyopima moshi yana uhuru zaidi mitaani, ingawa sheria ya shirikisho dhidi ya kuondoa vifaa hivyo iko palepale.

Kwetu Afrika Mashariki namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini unabadilisha na karatasi. Marekani gari linatambulika kwa namba ya chesisi, na alama ya nane ya namba hiyo inasema lilizaliwa na injini gani. Hauhitaji kumdanganya mnunuzi wala huwezi, anayejua anasoma.

Riviera nayo ina kishawishi chake: V6 ya lita 3.8 yenye tabo, ambayo mwaka 1984 ilifikia farasi 190. Ni ya ukoo uleule, ya miaka ileile, ina nozeli. Kwenye karatasi inaishinda 307 kila mahali. Lakini Riviera zenye injini hiyo zilikuwa chache, na kuchinja moja nzima ili kuiokoa Eldorado ni kufukia shimo hapa kwa kuchimba jingine pale. Ukiipata iliyogongwa nyuma, hiyo ni habari nyingine.

V8 za Cadillac zenyewe, lita 6.0 ya 1980 hadi ile 8.2 ya zamani, ndizo zinazowatoa watu machozi. Ya 6.0 ilikuwa kwenye Eldorado hii hii kabla ya HT4100 na inarudi bila maajabu, ikija na gia boksi yake. Ile 8.2 ina mvuto wa historia, ila gia boksi na cheni ya THM325 havikuundwa kubeba mzigo wa aina hiyo. Utakuwa umehamisha ubovu toka injini kwenda gia.

Na V8 za kisasa za General Motors ziitwazo LS, ambazo siku hizi hufungwa kwenye kila kitu? Sampu haipishani na shafti, na kufungana na gia boksi hii kunahitaji kipande cha kuchonga. Wanaofanikiwa mara nyingi huishia kuligeuza gari lisukumwe na magurudumu ya nyuma, maana yake kukata sakafu na kujenga upya nusu ya chesisi. Kazi hiyo inaweza kuwa ya ustadi wa hali ya juu, lakini kinachotoka gereji ni bodi ya Eldorado juu ya gari jingine. Kufunga mota ya umeme kunagota palepale, na betri hazina pa kukaa bila kula buti.

Kwa hiyo kabla ya chochote ningeanza na vitu vya bei nafuu: kipimo cha mgandamizo wa silinda, kipimo cha presha kwenye mfumo wa maji, na sampuli ya oili ipelekwe maabara. Oili ikirudi safi bila dalili ya maji ya rejeta, gasketi ya manifoldi ibadilishwe mapema na gari litembee. Ikirudi na maji na chembe za beringi, sioni sababu ya kuishusha HT4100 kwa gharama inayokaribia bei ya gari zima, labda kwa aina moja tu: Biarritz, toleo la kifahari la Eldorado, ile ya turubai ya 1984 na 1985. Hizo zilikuwa chache, ghali tangu mwanzo, na wanunuzi wake wanalipia ukamilifu. Kwa hiyo ningelipa gharama ya fundi anayezijua slivu hizo. Na kama hata yeye angeshindwa, 307 ingeingia, huku bloku ya alumini yenye namba yake ikipakwa oili na kufungwa kwenye stendi pembeni mwa gereji, ije iuzwe pamoja na gari.